Septemba kwenye Reli ya Kati: muziki wangu wa mwezi, wa zamani na wa sasa

Kila mwezi naweka pembeni nyimbo chache, nyingine za kale, nyingine zimetoka juzijuzi, na hizo ndizo ninazoishi nazo mpaka mwezi mwingine uandame. Septemba hii nimeamua kuzifuata zilikozaliwa. Njia nimeipanga kwa reli: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ukichukua majina ya bendi zetu za kwanza za dansi ukayapanga juu ya reli hii, utaona mengi yanaangukia kwenye vituo vyake. Garimoshi lilipopita, zilipita pia santuri, magitaa, na vijana wenye mshahara wa kwanza mfukoni wakitafuta pa kucheza Jumamosi usiku.

Kuna jambo moja ninalolisikilizia safari nzima, nalo ni chemko. Aliyekulia kwenye dansi anajua ninachosema. Wimbo unaanza taratibu, beti zinaimbwa, kisa kinasimuliwa mpaka kieleweke. Kikiisha, mpiga gitaa la solo anabadilisha, tumba zinapanda, waimbaji wanabaki na kiitikio kimoja, vyombo vya kupuliza vinaingia, na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Hapo ndipo chemko. Redio nyingi leo zinakata wimbo kabla haujafika hapo, tangazo linaingia, basi. Vijana wengi wanaoniambia muziki wa zamani ni wa kulalia hawajawahi kuusikia nusu yake ya pili. Hilo linaniuma, na ndilo lililonitoa nyumbani.

Jumamosi, Dar es Salaam

Nimeanzia Sinza, kwenye kituo ambacho makondakta wanakiita Kwa Remmy. Ni mwanamuziki Remmy Ongala, mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, akahamia bendi ya Super Matimila, akafariki Desemba 2010, na mpaka leo jina lake linatajwa kila daladala inapopunguza mwendo pale. Remmy ni wa mwisho kwenye safari yangu ya mwezi huu. Nimemhifadhi kwa ajili ya Kigoma.

Usiku nikaenda Mburahati. Kulikuwa na shughuli mtaani, spika zimepangwa mpaka usawa wa paa, vumbi limetanda chini ya taa, watoto wako mbele kuliko wakubwa. Singeli. Ukiisikiliza kwenye simu unaweza kudhani ni fujo. Ukisimama mbele ya spika mwili unaielewa kabla ya kichwa. Mapigo yanapita mia mbili kwa dakika, na MC anachana juu yake bila kuvuta pumzi, anataja mitaa, anawataja waliolipa, anamtania bwana harusi, anarudi kwenye kisa chake pale alipokiacha.

Orodha yangu ya muziki mpya imeanza hapohapo. Albamu ya *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko, ya 2024, na kabla yake mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* wa 2017, zote zimetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na zote mizizi yake iko kwenye studio ya Sisso, hapa Mburahati. Hii ya 2024 haina MC. Ni kinanda cha Maiko na kompyuta ya Sisso, wawili wanakimbizana. Kipande kimoja hakijaisha kingine kimeshaingia.

Sasa nisikilize vizuri. MaDJ walioanzisha mchezo huu walikuwa wanachukua kipande cha taarabu ya kisasa, pale mwishoni panapokolea, wanakirudiarudia na kukiongezea kasi, MC anapanda juu yake. Maana yake walichukua sehemu ambayo watu walikuwa wanaisubiri, wakatupa subira. Singeli ni chemko tupu. Kwa hiyo anayesema vijana wa Mburahati wameua muziki wa baba zao, mimi simwelewi. Wameubeba kuanzia pale unapochemka.

Jumapili, Dar es Salaam

Leo ilikuwa zamu ya Msondo. Bendi hii ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake wakiwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Kila chama kilipobadilisha jina, bendi nayo ilibadilishiwa: ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Watu wakachoka kufuata herufi, wakabaki na jina la mtindo wake, Msondo.

Walipanda jukwaani giza linaingia. Wimbo wa kwanza na wa pili sikuandika kitu. Wa tatu nikaanza kupima kwa saa. Beti zilichukua kama dakika nne. Kisha mpiga rithimu akaminya nyuzi zake, sauti ikawa kavu na fupi, solo ikapanda juu ya shingo ya gitaa, tarumbeta zikajibu mara mbili, na kiwanja kikajaa. Wazee waliokuwa wakinywa soda zao kwa adabu walikuwa wa kwanza kufika. Hapo hapakuwa na kisa tena. Kiitikio kilikuwa maneno matatu tu na kiliimbwa mpaka kila mtu akasahau kwamba ni maneno. Chemko lile lilikuwa refu kuliko beti zote pamoja.

Nilikuwa nimekaa na mama mmoja ambaye anawafuata tangu Gurumo yuko hai. Muhidin Gurumo aliimba NUTA tangu siku zake za mwanzo, akatoka 1978 kwenda bendi ya Mlimani Park, akaenda OSS (Orchestra Safari Sound), baadaye akarudi Msondo, akafariki Aprili 2014. Nikamuuliza mama anamkumbuka kwa wimbo gani.

"Mwanangu, mimi siwakumbuki kwa wimbo. Nawakumbuka kwa walivyokuwa wanaingia kule nyuma," akasema, akizungusha mkono hewani. "Beti hata jirani angeweza kuniimbia."

Kutoka Dar nachukua pia "Neema" ya Mlimani Park. Wengi tunaifahamu kutokana na kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zile zinafaa kusikilizwa kwa makini. Bendi ilikuwa inaingia studio ya redio nzima nzima, inapiga pamoja, mwanzo hadi mwisho, hapana cha kurudia kipande na kukibandika. Magitaa matatu na besi, na hakuna linalokanyaga lingine. Solo inasema, solo ya pili inajibu kwa sauti ya chini kidogo, rithimu inashona katikati. Jaribu kufuata rithimu peke yake wimbo wote. Ni zoezi ambalo nalipenda kuliko mengi.

Jumatatu, Dar es Salaam hadi Morogoro

Treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa na haina kelele, kwa hiyo ndani ya behewa unasikia kwenye hedifoni mpaka pumzi ya mwimbaji. Tulipofika Pugu niliweka Salum Abdallah, na sikuwa nimemaliza kumsikiliza Morogoro ilipotangazwa. Reli ya zamani ingenipa nafasi ya kumrudia mara tatu.

Jumanne, Morogoro

Milima ya Uluguru ilikuwa na ukungu asubuhi. Nimetembea kutoka Masika hadi sokoni nikiwaza jinsi mji wa ukubwa huu, katikati ya karne iliyopita, ulivyoweza kulisha bendi mbili zilizotikisa Afrika Mashariki nzima, kila moja na wanachama wake, na mashabiki wasiosalimiana vizuri. Unamuuliza mzee yeyote hapa, "Ulikuwa upande gani?" na hatakuuliza upande wa nini. Atakwambia Cuban au Moro Jazz.

Upande wa kwanza ni Salum Abdallah Yazidu, ambaye watu walimwita SAY. Husimuliwa kwamba akiwa kijana, kichwa kimejaa santuri za Kikuba zilizokuwa zikiuzwa pwani na bara, alitoroka nyumbani mpaka Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Hakufika. Alirudi Morogoro, na 1948 akaanzisha La Paloma, iliyokuja kuitwa Cuban Marimba Band. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 alirekodi na Mzuri Records ya Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, Juma Kilaza akaishika bendi. Mkusanyiko wa *Ngoma Iko Huku*, uliotolewa na Dizim mwaka 2000, ndio mlango mzuri wa kuingilia kwake, na ndio niliokuja nao.

Hapa lazima niwe mkweli kwa jambo langu la chemko, kwa sababu SAY hana. Nyimbo zake ni fupi. Santuri ya wakati ule, ile nzito inayovunjika ikianguka, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu, na yeye aliufunga wimbo humo humo: gitaa linafungua, sauti inaingia nyororo kidogo upande wa puani, maraka zinakwenda, kiitikio, gitaa linazungumza kidogo, kwisha. Huoni kilichopungua. Kwa hiyo wimbo wa dakika tatu si dhambi ya leo. Tofauti ninayoisikia ni kwamba SAY alipanga wimbo mzima ndani ya nafasi aliyopewa, mwanzo wake na mwisho wake. Nyingi za sasa zinaingia dakika ya kwanza zikiwa zimeshasema kila kitu, halafu zinarudia hadi zinazimwa.

Upande wa pili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz Band, bendi ambayo yeye aliipa jina hadi Japani, walipokwenda kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajafika miaka 35.

Nimekaa kwenye kibaraza cha mgahawa mmoja, chai ya tangawizi mezani, nikaiweka "Shida" mwanzo mpaka mwisho. Nimeisikia maisha yangu yote na bado inanikamata. Beti ni za mtu anayelia shida, bila kupaza sauti hata mara moja. Kisha gitaa lake linatoka mbele. Mbaraka hapigi noti nyingi. Anachukua kipande kifupi, anakirudia, mara ya tatu anakipindisha mwishoni, na pale anapokipindisha ndipo mtu anapofumba macho. Nyimbo nyingi za miaka ile ya sabini zilikatwa pande mbili za santuri ndogo: upande wa kwanza kisa, ukigeuza, chemko. Kituo cha redio kilichokuwa na haraka kilipiga upande wa kwanza tu. Nadhani mazoea ya kukata yalianzia hapo.

Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasimama kusikiliza. "Bro, huyu si Mbaraka? Babu yangu anaye huyu." Nikamwambia akae asikilize kule mbele. Alikuwa na wateja, akasikiliza kwa kusimama, trei mkononi, hadi mwisho. Nimemrushia wimbo kwenye simu yake.

Jumatano, Dodoma

Nimefika mchana, jua kali, upepo wa vumbi. Nimelala mapema.

Alhamisi, Chamwino

Kutoka Dodoma mjini hadi Chamwino ni chini ya saa moja kwa daladala. Ardhi ni nyekundu, mibuyu imesimama peke yake peke yake, na mwezi huu haina jani.

Nilichofuata ni sauti ya Wagogo. Dunia iliijua kupitia Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoa huu, akaitwa Dar es Salaam wakati wa Mwalimu Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaipeleka ilimba, chombo cha vijiti vya chuma kinachobonyezwa kwa vidole, na zeze kila bara mpaka alipofariki Desemba 2003. Albamu yake ya *Chibite*, ya 1996, iko kwenye orodha yangu kila mwaka kwa mwezi mmoja au mwingine. Mwanawe Msafiri alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017, ilimba ikiwa imechanganywa na mitambo ya umeme kwa kiasi cha heshima. Na 2024 wakaja Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, na albamu yao ya *Maisha*.

*Maisha* ndiyo chaguo langu kubwa la muziki mpya mwezi huu. Kwa miaka mingi wanawake wa familia ile walisimama nyuma, wanaitikia na kupiga ngoma, mbele wapo wanaume na zeze zao. Sasa wako mbele, na vyombo wanashika wao. Ukisikiliza utagundua kwamba kile tulichokuwa tunakiita sauti ya nyuma kwenye kanda za mzee ndicho kilichokuwa kimebeba paa. Sauti mbili zinaondoka sehemu moja, zinaachana, zinakutana tena juu zaidi, na hakuna anayemfuata mwenzake. Nilikuwa na wasiwasi watayarishaji kutoka Uingereza wangeimwagia albamu vinanda. Wamejizuia, isipokuwa nyimbo chache ambako besi ya mashine imekaa mbele kuliko ninavyopenda.

Mzee mmoja fundi wa ilimba alinipokea uani kwake. "Mbukwenyi," nikasalimia, akafurahi, tukaendelea kwa Kiswahili. Alinipakatisha chombo alichokuwa anakimalizia. Ni kisanduku cha mbao, chimbo limechongwa kwa mkono, juu yake safu za vijiti vya chuma vilivyopondwa bapa. Nikabonyeza kimoja. Kilicholia si kimoja. Vingine ambavyo sikuvigusa vilitetemeka pamoja nacho.

"Hivi vya katikati hupigi," akasema. "Hivi vinaitika vyenyewe."

Kisha akanionyesha tundu upande wa mbele. Limezibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani, mwembamba kama karatasi ya sigara. Ule utando ndio unaoipa ilimba mvumo wake, ile sauti ya kuzizima inayoifuata kila noti. Utando ukipasuka anatafuta mwingine ukutani kwa jirani. Nilijaribu kupiga na utando, kisha akaweka kidole chake juu ya tundu nikapiga tena. Bila mvumo, chuma kilisikika kitupu, kama kimeachwa nje ya nyumba.

Nikamuuliza nyimbo zao zinaishia wapi, kwa maana nilipokuwa nasikiliza siku zote sikuona mahali pa kusema hapa ndipo chemko linaanza. Alicheka. Akasema kinamama wakishika ngoma za muheme, wimbo unaisha wakichoka, au mvua ikinyesha. Nimeandika jibu hilo kwenye daftari na nimelipigia mstari. Nadharia yangu ya nusu mbili inafaa kwa muziki wa mjini, ambako kuna kiingilio na saa ya kufunga. Hapa wimbo unazunguka, na anayeingia katikati hajachelewa.

Ijumaa, Dodoma hadi Tabora

Leo ni reli ya zamani, ile nyembamba. Behewa la daraja la pili, madirisha wazi, hedifoni hazina kazi kwa sababu magurudumu yana ngoma yao. Nilizivua. Mchana tukafika Saranda, na kama kawaida kinamama na vijana wakaja madirishani na kuku wa kuchoma. Nani anapita Saranda bila kula kuku? Baada ya Manyoni na Itigi ni pori, pori, pori.

Kijana wa siti ya mbele alikuwa na spika ndogo, akapiga Zuchu na Alikiba zamu kwa zamu. Behewa zima waliimba Alikiba. Zuchu ni mtoto wa Khadija Kopa, malkia wa mipasho, na kwenye sauti yake, anapotaka, taarabu ya mama inatokeza mwishoni mwa mstari, pale anapoivuta herufi na kuitikisa. Natamani angefanya hivyo zaidi.

Tabora tumeingia usiku.

Jumamosi, Tabora

Mji wa maembe na asali, na kwangu mimi mji wa Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz. Bendi tatu mji mmoja! Na bado nyingine ilikuwa Dar, Western Jazz, wenye mtindo wao wa Saboso, waliojiita hivyo kwa kuwa waanzilishi walitoka huku magharibi. Ukitaka kujua kwa nini gitaa la Tabora lina utamu wake, kumbuka kwamba hapa ndipo reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Kila aliyetoka Kongo, Burundi au Ziwa Viktoria kwenda pwani alishuka hapa, akalala, na muziki wake ukalala naye.

Karibu na stesheni nilielekezwa kwa mzee aliyekuwa karani wa reli. Hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mchezaji, kwa maana ya kucheza dansi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja kazi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetafuta Segere?"

Segere Matata ndio mtindo wa Tabora Jazz, na wimbo niliokuwa nautafuta ni "Dada Asha", wa Shem Karenga, mtu wa Kigoma aliyekuja kuwa nguzo ya bendi hii. Mzee hana gramafoni tena, ila santuri bado anazo, zimefungwa kwenye gazeti, ndani ya sanduku la bati. Akazitoa moja moja. Nyingi zimepoteza maandishi. Aliponipa ya tatu nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaitazama kwa kuinamisha. Upande wa kwanza bado unang'aa, mifereji inaonekana. Nikageuza. Upande wa pili umekuwa wa kijivu, sindano imepita mpaka imeuchubua, na karibu na katikati kuna mkwaruzo mweupe wa duara kamili.

Nikamuuliza kwa nini.

"Upande ule tulikuwa tunasikiliza tukila," akasema. "Huu tulikuwa tunauchezea. Tukimaliza mwenye gramafoni anarudisha sindano. Hatugeuzi. Kugeuza kwa nini, hadithi tumeshaijua?"

Nimeishika santuri ile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka pale watangazaji wote wenye vidole vyepesi kwenye kitufe cha kuzima, wapitishe kidole kwenye upande ule wa pili. Ushahidi uko kwenye plastiki.

Jioni nikamwekea "Dada Asha" kwenye simu yangu, spika ndogo juu ya kiti. Chemko lilipoingia hakusema kitu. Alisimama, akashika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akacheza kwa mabega na visigino tu, kwa mpangilio, na mkewe akatoka jikoni akamwambia kwa Kinyamwezi neno ambalo lilimfanya acheke na aendelee.

Jumapili, Tabora hadi Kigoma

Usiku mzima njiani. Urambo, Kaliua, baridi kidogo alfajiri, na kulipopambazuka Uvinza na chumvi yake.

Jumatatu, Kigoma

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, matao meupe, na ukitoka ziwa liko mbele yako. Ng'ambo ilionekana milima ya Kongo, kwa sababu hewa ilikuwa safi. Nikatafuta mgebuka wa kukaanga na ugali, nikakaa pembeni ya maji, na ndipo nikamfungulia Remmy.

Albamu yake ya *Songs for the Poor Man* ilitolewa na lebo ya Real World mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya yeye na Super Matimila kupiga kwenye tamasha la WOMAD Uingereza. Ni albamu ya studio nzuri, sauti zimetenganishwa, kila gitaa unaliona lilipokaa. Kuna wanaosema imesafishwa mno, wanapendelea kanda za redio za Dar. Mimi napenda zote, lakini mwezi huu nimechagua hii kwa sababu hakuna aliyemkata. Remmy anazungumza na wasikilizaji wake kwanza, kama mtu aliyesimama barazani, anawaambia maskini mambo yao bila kuwapamba. Kisha magitaa yanashika. Kwenye "Muziki Asili Yake Wapi" nilisikiliza nikitazama ng'ambo alikozaliwa mwimbaji, maili nyingi nyuma ya milima ile, na mgongoni kwangu reli iliyokwenda hadi kituo cha daladala chenye jina lake.

Kigoma ina mpya pia. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu, Diamond akiwemo, walikusanyika kama Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite". Nimeisikiliza tena leo, hapahapa. Kila mmoja ana mstari wake mzuri, na inafurahisha kusikia Kiha kwenye wimbo uliopigwa nchi nzima. Ila wimbo una watu wengi mno na nafasi ndogo mno, kila mmoja anapokea na kukabidhi. Sikuiweka. Wakiamua siku moja kuurudia na bendi, magitaa matatu, na dakika nne za mwisho bila mtu kuimba ubeti, nitakuwa wa kwanza kuununua.

Basi hii ndiyo Septemba yangu, kwa mpangilio wa kusikiliza. Anza na *Ngoma Iko Huku* ukiwa unafanya kazi za nyumbani. "Shida" na "Dada Asha" usizisikilize kama una haraka. "Neema" sikiliza mara mbili, ya pili ufuate rithimu. *Chibite* na *Maisha* siku moja, mzee kwanza. Remmy jioni. *Singeli Ya Maajabu* iweke mwisho, mara tu baada ya Remmy, bila kupumzika katikati, uone kama mguu wako utatambua mpaka.

Oktoba nakwenda Tanga: bendi za Atomic na Jamhuri, na Black Star na taarabu yao ya magitaa. Kuna mtu Chumbageni ameniambia ana santuri, na nimemwomba asizifute vumbi mpaka nifike niangalie upande wa pili.